Mtunza Zizi la Ng'ombe Wazee

Mtunza zizi la ng'ombe wazee, nje kidogo ya mji wa Nagaur, India, ambako ng'ombe hachinjwi, alikuwa na viganja vilivyochanwachanwa na mabua ya mtama. Kila asubuhi alipita kwenye mahori akigawa majani kwa mkono na kuwasemesha kwa sauti ya chini: "Kula, mama, leo ni hayo tu." Mwaka huo mvua haikunyesha. Majani yalipanda bei, ruzuku ya serikali ikachelewa miezi saba, na wafadhili wa Jaipur walikuja siku ya sikukuu tu, wakawalisha ng'ombe sukari guru, wakapiga picha, wakaenda zao. Konzi ya majani ikawa nusu konzi. Hata hivyo mtunza zizi hakuwahi kumrudisha langoni mtu aliyeleta ng'ombe.

Jumanne moja mkulima Bhanwarlal akaja akimvuta ng'ombe mwekundu, mbavu nje.

"Mpokee, kaka. Maziwa yamekauka, na mimi sina cha kumlisha."

"Hata mimi sina."

"Acha utani! Zizi lote hili?"

"Zizi ninalo, majani sina. Jana nimezika watatu."

"Sasa nimpeleke wapi? Akaingie mashamba ya watu, wanivunje miguu?"

Mtunza zizi alimpapasa ng'ombe shingoni, kisha akafunga lango. Bhanwarlal akamfunga ng'ombe kwenye nguzo ya nje, akaondoka bila kugeuka.

Mchana kutwa ng'ombe alilia, na wa ndani wakamwitikia. Jioni mtunza zizi alitoka akamfungua, ili walau akatafute maganda barabarani. Ng'ombe hakwenda popote. Alijilaza palepale langoni, na mtunza zizi hakuwa na njia ya kurudi ndani ila kumruka.