Mama mkwe wangu wa Kamachumu na vitu alivyokataa kutupa

Wakuu, shikamoo zenu nazipokea mapema, maana nimeshavuka themanini. Haya yalinikuta mwenyewe, siongezi chumvi.

Niliolewa Kamachumu, Mwingereza bado anatawala. Mume wangu Eliasi alikuwa mwalimu. Mwaka ule kahawa ilikubali, akajenga nyumba ya bati. Akataka mama yake ahame kwenye msonge, ile nyumba yetu ya duara ya nyasi, kabla haijamwangukia.

Shida ikawa vitu. Vibuyu vilivyopasuka, vikapu visivyo na kitako, magunia yaliyooza. Humo ndani unapita ubavu ubavu. Mama hakutaka kuacha hata kimoja.

Jumapili moja Mama akiwa kanisani, Eliasi akachoma vikapu vitatu migombani.

Mama aliporudi akaona majivu. Hakupiga kelele. Aliingia ndani akajifungia, siku mbili hakugusa chakula.

Wakuu, niliogopa. Niliona tunamzika.

Siku ya tatu nikabisha, akanifungulia. Habari ya kuhama sikuigusa. Nikaokota kibuyu kimoja nikauliza, "Mama, hiki nacho kilitoka wapi?"

Akakipokea, akakipangusa vumbi. "Kilileta rubisi ya harusi yangu."

Rubisi ni pombe ya ndizi. Basi akanisimulia harusi nzima, hadi baba mkwe wake alivyocheza akaangukia ngoma! Tulicheka mpaka machozi. Nikampakulia ndizi, akala.

Alipomaliza akasema, "Hiki mpe jirani, apandie maua."

Ikawa ndiyo kazi yetu kila siku tukitoka kupalilia. Kitu kimoja, hadithi moja. Miezi minne! Eliasi alikereka, nikamwambia, "Mwalimu, darasa hili lina mwendo wake."

Siku moja naye akaja kuketi. Akauliza kwa aibu, "Mama, na vile vikapu?"

"Kimoja nilikulaza humo nikichuma kahawa."

Eliasi alipiga magoti akaomba radhi. Mama akamshika kichwa, "Inuka, umeshakuwa mkubwa, huenei tena kikapuni."

Alihama Jumamosi, saa nne asubuhi, anaimba, majirani wanapiga vigelegele. Mkononi birika moja bovu.

"Mama, na hilo?" nikamuuliza.

"Hili bado sijamaliza kulisimulia."

Tuliliweka sebuleni, kwenye meza nzuri.

Nilichojifunza: mzee akikumbatia kitu, usimnyang'anye. Muulize, kisha uwe na muda wa kusikiliza.

Nanyi wenye wapendwa wa aina hii, mnaishije nao? Uwanja ni wenu, hata wa kunipinga karibuni.