Fundi Mlingoti aikataa sindano ya mtoto

Saa mbili asubuhi, Fundi Mlingoti amepiga magoti mbele ya msichana wa darasa la kwanza, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Hata akiwa magotini anamzidi mtoto kichwa kizima. Anampima kiuno, anapima urefu wa sketi, kisha anamwambia mama mtu kuwa ndani ataacha pindo la vidole vinne.

"Hawa wanakua huku unawatazama," anasema. "Mwakani njoo nifumue pindo tu, hutashona nyingine."

Ana miaka thelathini na saba, na kumi na mitano kati ya hiyo ameimalizia kwenye sare za shule. Kila mwaka hupima watoto zaidi ya mia tatu. Wa kwake mwenyewe bado hajajaliwa kumpima.

Mkewe hukaa meza ya pili, akishona vifungo. Kwa miaka sita ya ndoa lawama zote zilikuwa zake. Mawifi walianza kwa kumteta, wakaishia kumsema usoni. Alipimwa hospitali tatu, akaambiwa hana tatizo, na hakuna aliyeuliza habari za mume. Mume naye alinyamaza.

"Chumbani hatukuwa na shida, sasa nipimwe nini?" anakumbuka. "Huo ndio ulikuwa ujanja wangu. Ukweli ni kwamba niliogopa."

Siku moja mke aliweka sindano mezani, akamwambia bila kupandisha sauti: "Sasa zamu yako."

Vipimo vilionyesha manii yake hayana mbegu. Kipimo cha damu kikaleta sababu: amezaliwa na kromosomu moja ya ziada, arobaini na saba badala ya arobaini na sita. Daktari alimweleza kuwa si kosa la mtu wala laana, na kwamba wengi wenye hali hiyo hawajijui mpaka watafute mtoto. Hata ile miguu mirefu iliyompa jina la Mlingoti huenda imetokana nayo.

Mfa maji haachi kutapatapa. Jirani alimletea tangazo la kliniki moja yenye vioo vingi: sindano za seli shina, mtoto ndani ya mwaka. Fundi alibeba akiba aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya cherehani mpya, akaenda. Alipewa kiti kizuri, soda baridi na fomu ya malipo. Aliponyoosha bahasha ya majibu yake, mhudumu hakuifungua. Alimwambia kuwa dawa ni ileile kwa wote.

Fundi akasimama na kuondoka.

"Mimi hata kaptura ya mtoto siikati kabla sijapima," anasema, na hapo hasira bado inamtoka. "Wao walitaka kunichoma bila hata kujua naumwa nini."

Alirudi kwa daktari wake, naye hakumpa maneno matamu. Alimwambia kwamba watafiti huchukua seli za ngozi au damu, na kuzigeuza kuwa seli shina, yaani seli zinazoweza kukua kuwa za aina yoyote, na wengine wamefaulu kupata zisizo na ile kromosomu ya ziada. Kazi iliyobaki ni kuzikuza hadi zitoe mbegu salama, na hapo hawajafika. Hakuna anayeuziwa tiba hiyo leo isipokuwa anayetapeliwa.

Jumapili iliyofuata aliwaita mama yake na dada zake kazini, akawakalisha kati ya marobota ya vitambaa. Aliwaambia kuwa tatizo ni lake. Mama aliinuka, akamwendea mkwewe kwenye meza ya vifungo na kumwomba radhi. Mkewe anasema siku hiyo alilia kuliko siku zote alizotukanwa.

Habari haikukaa ndani. Wapo waliocheka. Lakini tangu hapo wanaume saba wamekuja na suruali zisizo na kasoro yoyote, wakidai zipunguzwe kidogo. Fundi huzigeuza, huzitazama, kisha huwavutia kiti.

"Namwambia, kaka, suruali ni nzima. Sema kilichokuleta."

Alhamisi ijayo daktari wa upasuaji atatafuta kwa hadubini, ndani ya korodani zake, kama zipo mbegu hata chache zilizojificha. Wapo wanaozipata, wapo wanaozikosa. Zikikosekana, yeye na mkewe wameshakubaliana kuasili mtoto. Vyovyote itakavyokuwa, amesaini kipande cha ngozi yake kiende kwa watafiti, akijua huenda kikamfaa mwingine, asiyezaliwa bado.

Mama wa yule msichana anauliza kama sketi anaweza kuifuata Alhamisi.

"Njoo Jumatano," Fundi anamjibu, akiinuka kutoka magotini hadi kichwa kinakaribia dari. Mkewe ameacha kifungo na kumtazama. "Alhamisi tumefunga. Ni zamu yangu."