Picha Iliyopigwa Baada ya Dripu

Bonarina Piredda alikuwa na ulimi mkali tangu utoto wetu, na ugonjwa haukuulainisha. Tulioka pamoja mkate mwembamba katika tanuri aliloachiwa na mama yake, kijijini kwetu milimani, juu ya mji wa Nuoro. Kazi yake ilikuwa kuupasua mkate ukishavimba, ungali moto. Asubuhi moja nikasikia harufu ya nyama inayoungua. Vilikuwa vidole vyake, vimegusa chuma cha tanuri, na yeye hana habari kwa ganzi.

Sklerosisi alikuwa nayo mwaka wa sita. Kwetu kisiwani Sardinia ugonjwa huo hauna haja ya kuelezwa. Kila ukoo una mtu wake ambaye kinga ya mwili imegeuka kuitafuna mishipa ya fahamu. Hospitalini wakamtundikia dripu za steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, siku tano. Mashine ya MRI ilikuwa na foleni, kwa hiyo picha ya ubongo ikapigwa siku mbili baada ya dripu ya mwisho.

Majibu yalisema makovu ya zamani yapo, ila hakuna kidonda kipya kinachowaka. Mintonia, mke wa kaka yake, aliyeoka nasi, akaipata ile karatasi na kuisoma kwa sauti mbele yetu sote.

"Hakuna kinachowaka! Wifi, kumbe unaumwa siku za unga mwingi tu?"

"Nipe karatasi yangu."

"Mume wangu anavunjika mgongo kwa kuni, wewe unajichoma makusudi upumzike!"

Bonarina akamtupia donge la unga usoni. "Mungu akupe ganzi hii wiki moja tu, ianzie ulimini!"

Sisi wengine tukaendelea kukanda. Nakiri, mimi niliiamini karatasi.

Nilimpeleka kwa daktari wake, Bi Delogu. Bonarina aliingia akifoka. "Picha yenu imenifanya mwongo!"

"Keti kwanza."

"Siketi."

"Basi sikiliza umesimama. Kidonda kipya huwaka pichani kwa sababu mishipa ya damu pale inavuja, na ile dawa unayochomwa kabla ya picha inapenya. Steroidi huziba uvujaji huo kwa siku chache tu. Kidonda kinaweza kuwepo, kisiwake."

"Na mbona hamkuandika kwamba nilikuwa nimetoka kwenye dripu?"

Daktari akaitazama karatasi. "Ilipaswa kuandikwa," akasema.

Miezi miwili baadaye jicho la kushoto la Bonarina likaingia ukungu. Hospitalini, muuguzi alipokuja na dripu, Bonarina akaficha mkono chini ya shuka.

"Picha kwanza."

"Mama, dawa itachelewa."

"Mwite Delogu."

Delogu akagombana na watu wa mashine kwa simu, tukamsikia hadi ukumbini. Picha ikapigwa asubuhi, dripu ikatundikwa adhuhuri ileile. Vidonda viwili viliwaka vyeupe kama chokaa. Akabadilishiwa dawa yake ya kudumu. Jicho likarudi nusu.

Mintonia alipoonyeshwa alisema, "Labda mashine mbovu." Bonarina akamwondoa kwenye tanuri siku hiyohiyo, kaka mtu akaondoka na mkewe, na sasa kanisani ndugu hao wanapishana bila salamu.

Mimi niliomba radhi. Akanijibu, "Umechelewa," kisha akanikabidhi kisu cha kupasulia mkate. Yeye sasa hupanga mikate iliyopoa, ameketi, na hututukana tukizembea.