Ukurasa Nilioufuta kabla ya Harusi ya Mdogo Wangu

Nyumbani kwetu ugonjwa wangu uliitwa mifupa. Binti anaumwa mifupa, basi, hakuna la kuongeza. Jina lake la hospitali, selimundu, mama alilisikia kwa daktari nikiwa na miaka sita, na sikuwahi kumsikia akilitaja tena. Jirani akiuliza, mifupa. Mwalimu akiuliza, mifupa. Macho yangu yakigeuka manjano, mama alisema nimekula sana maembe. Mwezi wa sita, Mtwara nzima huoni embe hata la dawa, bado mimi nilikuwa nimekula sana maembe.

Nina hasira za karibu, sifichi. Ulazwe kitandani siku tisa, usikie wageni sebuleni wakisema huyu anajidekeza tu, nawe huna nguvu hata ya kuokota kandambili uwarushie, uone kama hutakuwa na hasira.

Kazi yangu ilikuwa kupiga chapa kwenye duka la steshenari pale Chikongola. Barua za kuomba kazi, mitihani ya shule, kadi za harusi. Mwenye duka alikuwa mama mmoja mjane wa Kihindi, Mwislamu kama sisi, ukoo wao wafanyabiashara wa Mikindani tangu enzi za babu zao. Alikuwa na mdomo mkali na moyo laini. Siku za maumivu alinituma nikalale nyuma ya rafu za madaftari, kisha mteja akija analalamika, yeye humjibu, "Mpiga chapa wangu amekwenda kuswali," hata iwe saa nne asubuhi. Miaka ya elfu mbili ilipoanza akaingiza mtandao, kompyuta tatu upande wa nyuma, na mimi nikapewa jukumu la kuwaonyesha watu namna ya kufungua barua pepe.

Ndiko nilikogundua kwamba watu wana tovuti zao wenyewe. Sikuamini. Mtu yuko Ulaya huko, si waziri, si kampuni, ameweka picha za paka wake, na maelezo paka amekula nini. Paka! Nikajisemea, kama paka wa mtu ana tovuti, mimi nina damu mbovu nimekosa nini? Ilinichukua miezi mitatu kujifunza, usiku hapana, mchana tu, kati ya mteja na mteja, umeme ukikatika naanza upya huku natukana. Nilipata sehemu ya bure ya kuiweka. Jina langu sikuandika, wala la mji. Juu kabisa niliweka maneno mekundu: Siku za Mifupa.

Niliandika yale ambayo hakuna aliyewahi kuniandikia mimi. Kwamba unywe maji hata kama huna kiu. Kwamba baridi ni adui, hata hii baridi yetu ya Julai ambayo wengine wanaiona ya kujidai. Kwamba chupa ya soda ukiijaza maji ya moto na kuizungushia khanga inasaidia mgongo kuliko maneno ya pole. Kwamba wauguzi wengine watadhani umenogewa tu na sindano za maumivu, na ujikaze kisabuni uwaambie kwa sauti unaumwa wapi. Na niliandika lile kubwa, kwa herufi nene, kwamba mtoto anaupata ugonjwa huu kwa baba na mama kwa pamoja, nao wote wawili wanaweza kuwa wazima kabisa, wasijue wamebeba nini. Wangu walikuwa wazima. Baba alilima korosho mpaka siku aliyokufa na sikumbuki akiumwa kichwa. Kwa hiyo, niliandika, mkitaka kuoana nendeni mkapime damu, nyote wawili, kabla ya barua ya posa.

Watu wakaja. Kulikuwa na kitabu cha wageni, mtu anaacha ujumbe wake. Mwanafunzi wa Tanga. Baba mmoja aliyekuwa masomoni Urusi. Na mama mmoja wa Songea, ana binti wa miaka minne, alikuwa anakwenda mara moja kwa wiki kwenye mtandao mjini kusoma nilichoandika na kuuliza maswali. Aliniita "dada yangu wa mifupa". Nilimjibu kama vile nimesomea udaktari. Sikuwa daktari, lakini kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa ninajua kitu ambacho mwenye afya hakijui, na nilifurahi, wallahi, nilifurahi mpaka nikaona haya.

Kisha mdogo wangu akapata mchumba.

Tulikuwa wawili tu. Yeye mzima, mrefu, anacheka kwa sauti kubwa, anabeba ndoo mbili mimi nikibeba sufuria. Kijana mwenyewe alikuwa fundi umeme hapa mjini, kwao wakulima wa korosho na muhogo kwenye vijiji vya mbele ya Naliendele. Siku ya kuleta barua ilipopangwa, mama akaniambia niende Mikindani kumsalimia shangazi. Shangazi hakuwa anaumwa wala hakuwa ameniita. Nilielewa. Wiki ile macho yangu yalikuwa manjano, na upande wa mume wakija kuposa huwa wanaangalia kila kitu, mpaka choo. Nikaenda. Nilikaa kwa shangazi siku mbili nimenuna, na yeye, masikini, akadhani sipendi samaki wake.

Niliporudi, mdogo wangu akanisimulia huku machozi ya kicheko yanamtoka. Mshenga, mzee mwenye kanzu iliyonyooka, alijikohoza, akasema bismillahi, akatoa leso aliyofungia barua, akaifungua mbele ya wazee wa pande zote mbili. Ndani hamna barua, kuna ugoro. Alikuwa na leso mbili, amekosea mfuko. Akapiga chafya hapohapo, mara tatu, na wazee wakashindwa kujizuia.

Nami, mjinga mimi, nikaandika yote. Niliandika jinsi mgonjwa anavyofichwa siku ya posa ya ndugu yake, nikaandika na ugoro, nikaandika na chafya tatu. Nilidhani mtandao ni wa watu wa mbali. Hapa kwetu kuna kompyuta ngapi? Nani atasoma? Sikufikiria kwamba kila ukoo wa Mtwara una mtu Dar es Salaam, na mtu wa Dar es Salaam haachi kuchungulia habari za nyumbani. Mpwa wa mshenga aliisoma ofisini kwao, akautambua ugoro wa mjomba wake, akacheka, akaichapa karatasi mbili na kumpa mtu wa basi azilete.

Mke wa mshenga alikuja alasiri, tuko uani. Mama anamenya muhogo, mdogo wangu anachambua mchele, mimi nimejilaza kwenye mkeka.

"Hodi hapa."

"Karibu, mama, karibu. Za huko?"

"Nzuri. Nimeleta karatasi, wenye macho watusomee."

Mama alisoma herufi za Kiarabu za msahafuni tu, na yule mgeni hata hizo hakujua. Kwa hiyo mdogo wangu akapewa. Akaanza kusoma kwa sauti, vizuri, kama taarifa ya habari. Alipofika kwenye kutumwa kwa shangazi sauti ikapungua. Alipofika kwenye ugoro akanyamaza.

"Endelea," yule mama akasema. "Soma na chafya."

Mdogo wangu akasoma na chafya. Mimi nilikuwa natazama ukuta. Karatasi ya pili ilikuwa imedondoka mkekani, karibu na mkono wangu, na niliona herufi zangu nene: nendeni mkapime damu. Nikaikalia.

Mama hakutetereka hata kidogo. "Huyo aliyeandika ni mtu wa Lindi," akasema, kisu kinaendelea kumenya. "Mambo ya washenga yanafanana kila mahali."

"Hata ugoro?"

"Hata ugoro."

Yule mama akanigeukia. "Na wewe mwanangu, macho yako yana nini?"

"Maembe," nikasema. Ilikuwa Agosti.

Akainama kuniangalia vizuri. Nilijua sasa mambo yamekwisha, atauliza ugonjwa gani, posa itavunjika. Wapi! Hakuwa na habari na ugonjwa. Kilichomleta ni heshima ya mumewe. "Huyo mtu wa Lindi," akasema, "mwambieni afute. Mume wangu ameosha wafu na kuozesha watu miaka yote hii. Hawezi kuwa kichekesho cha Dar es Salaam. Ikifutwa, harusi iko palepale. Isipofutwa, mimi nitakwenda kwa wazazi wa kijana kusema ninayoyaona." Akanywa maji, akaaga kwa adabu zote.

Alipotoka mama akaweka kisu chini. Nilitegemea makelele. Alizungumza polepole, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. "Wewe Mungu hajakupa mume, mwanangu. Usimnyime mwenzio."

Niliinuka nikaingia chumbani. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni, nataka lieleweke hilo. Mdogo wangu akanifuata, akakaa ukingoni mwa kitanda, akanishika mguu kama alivyozoea siku za maumivu.

"Dada, ufute tu. Nampenda."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Karatasi ya pili nilikuwa nimeikunja ndani ya khanga. Nilikuwa nawaambia watu wa Tanga na wa Urusi, na mtu niliyezaliwa naye tumbo moja, ambaye naye angeweza kuwa amebeba sehemu yake kutoka kwa baba au mama, yuko mbele yangu anaomba neno moja tu. Nilifungua mdomo. Nikaona kama namwona yule fundi akipima, akisita, akiondoka, na mji mzima, toka Shangani mpaka Chikongola, ukisema dada yake ndiye aliyemharibia, wivu wa mgonjwa. Niliogopa kuitwa hivyo. Na labda, sijui, wivu wenyewe ulikuwepo, ndiyo maana niliogopa.

"Sawa," nikasema. "Nitaufuta."

Kesho yake asubuhi nilikaa kwenye kompyuta. Kwenye kitabu cha wageni nikakuta ujumbe wa mama wa Songea, wa siku mbili nyuma: binti yake ana homa na anapumua kwa shida, afanye nini? Nikamjibu upesi, mpeleke hospitali leo hii, usingoje kesho, waambie ana selimundu. Nikasubiri mpaka adhuhuri labda atatokea. Hakutokea. Mama mwenye duka akaja kusimama nyuma yangu.

"Unafuta? Yote?"

"Yote."

"Kwa sababu ya ugoro?"

"Kwa sababu ya ugoro."

"Haki ya Mungu," akasema, "nyinyi watu mna kichwa kigumu." Akaniletea chai, akaondoka. Nikafuta ukurasa mmoja mmoja, nisimwachie yule mpwa wa Dar es Salaam hata mstari wa kuchapa, cha mwisho kitabu cha wageni pamoja na jibu langu. Anwani ya mama wa Songea sikuwa nayo. Mpaka leo sijui kama alilisoma, wala kama binti alipona.

Harusi ilifana. Sikuiona, wiki ile mifupa ilinishika kwelikweli, nikasikia vigelegele nikiwa nimelala chumbani na chupa mgongoni. Mdogo wangu aliingia kuniaga na hina zake mbichi, akanishika uso, akanibusu, akaniachia alama kwenye shavu.

Mwaka wa pili akazaa mtoto wa kike. Mtoto akiwa na miezi saba, mdogo wangu akamleta kwangu dukani, si kwa mama. Viganja vya mtoto na nyayo zake vilikuwa vimevimba, vinang'aa, na ukimgusa analia mpaka sauti inakatika. Mama mkwe wake alikuja naye, mwanamke mpole, amejitanda mtandio mweusi. Walikuwa wamekwisha kumpaka mafuta ya kila aina. Nilivitazama vile viganja. Sikuhitaji kipimo. Tukaenda hospitali, wakapima, wakasema nilichokuwa nakijua, na kwamba wachumba wakipima damu mapema hujua.

Tukiwa kwenye benchi pale nje, mama mkwe akasema, bila kuulizwa, "Na mimi wawili walinitoka hivihivi, kabla ya baba yake huyu. Tulikuwa tunasema mifupa." Kisha akajifuta uso na mtandio. Mimi nilishindwa kumtazama.

Mdogo wangu hakulia. Aliomba karatasi na kalamu kwa karani, akanipa. "Andika," akasema. "Afanyiwe nini, asifanyiwe nini. Andika yote." Nikaandika magotini: maji, nguo nzito, vidonge vya foliki, chandarua, homa yoyote hospitali siku hiyohiyo. Maneno yalikuja yenyewe, sikufikiri. Akayasoma, mtoto amemlaza begani.

"Haya ndiyo uliyokuwa unawaandikia wale watu?"

"Ndiyo."

"Na ya kupima uliwaandikia?"

Sikuweza kudanganya tena. "Niliwaandikia."

"Kabla sijaolewa?"

"Kabla hujaolewa."

Akaikunja karatasi, akaitia kwenye mkoba wa nepi. Akamsaidia mama mkwe wake kuinuka, wakaelekea getini. Nilibaki kwenye benchi mpaka karani akaja kuniambia anahitaji kalamu yake.