Aliyeitwa kwa Nyuma

Nikiwa binti mdogo kule Kumsenga, tulikatazwa kumwita kwa nyuma mwanamke aliyejitwika mzigo anapopanda kutoka mtoni. Bibi, mama yake baba, alisema wenye maji, mizimu ya mtoni, huitika kabla yake, naye akigeuka wanamzungusha kichwa.

Mama alikuwa na kizunguzungu. Siku moja alipanda na karai la muhogo uliolowekwa kichwani, mdogo wangu mgongoni, mimi nikiwa mbele. Jirani yetu Mama Neema, mtu wa utani, akapaza sauti kutoka chini:

"Mama Edina! Mbona unatembea kama umemeza mchi?"

Mama akacheka, akageuza shingo. Nikasikia karai likianguka. Alikuwa amepiga magoti, ameshika majani kwa mikono miwili.

"Ardhi inakimbia," alisema. "Mshike mtoto."

Mtoto hakuumia. Lakini tulipofika uani, Bibi alimfungua mgongoni kwa Mama.

"Mpaka wakuachie," alisema.

"Jamani Mama, huyu bado ananyonya."

"Atanyonya umekaa. Kumbeba, nitambeba mimi."

Mama alilia jikoni. Bibi akamkataza kujitwika, akamwambia akiitwa ageuke mwili mzima, kuanzia miguuni. Wenzake walimcheka sana mtoni. Kizunguzungu kikapungua, Bibi akatamba kwamba wenye maji wameshindwa. Aliporudishiwa mtoto, mdogo wangu alishaanza kutembea, hataki tena kubebwa.

Sasa naishi Kasulu, nina binti mchanga, na kizunguzungu kimenipata mimi. Nikiinua uso kuanika nguo, kamba inazunguka pamoja na mbingu. Daktari alinipima akasema ni shingo, pingili zina shida. Nisijitwike ndoo. Nisigeuze shingo ghafla.

Nilimuuliza kwa aibu, "Na mtoto mgongoni?"

"Usimbebe kwanza, mpaka kitulie. Nyumbani kuna wa kukusaidia?"

Nilitoka nikiwa sijui nishike lipi. Bibi hakujua habari za pingili, na daktari hana habari na wenye maji, lakini wamekataza yaleyale. Miaka yote nilidhani Bibi alimwonea Mama. Siku hizi sina hakika, na sina hakika pia kama Mama aliwahi kuwa nayo.

Wifi yangu ndiye anayembeba binti yangu. Akishamfunga kitenge, mtoto hulala upesi, shavu limetulia mgongoni mwa wifi. Nashukuru. Kisha naingia ndani, nisiwaone.