Majani Yaliyomlaza Chui Chali

Mimi sasa hakuna kitu kinaweza kunishangaza. Shule niliacha darasa la nne, nikaanza kwa kusukuma mkokoteni pale Litein, na leo malori matatu yanayobeba majani chai ni yangu; hata wenye digrii wananiita bosi. Lakini Krismasi binti yangu alikuja na paka wake wa Nairobi, akafungua pakiti ya majani makavu, na ile harufu, kama mnanaa uliokaa kwenye gunia la nyasi, ikanifanya nitafute kiti.

Niliijua kutoka koti la baba. Baba alikuwa mtunza bustani wa meneja mzungu, na memsabu, mke wa meneja, alipanda majani hayo kando ya ukuta kwa ajili ya paka wake. Jioni baba alituigizia: paka anasugua kidevu, anagaragara, mate yanamtoka, kisha analala chali akitazama mawingu. "Analewa bila kununua!" alisema, nasi tukacheka mpaka uji ukamwagika.

Mwaka nilipokuwa darasa la nne, chui alitoka msituni akatumalizia ndama. Tulibaki na mtamba mmoja, na huyo ndiye aliyekuwa karo yangu na maziwa yetu ya kesho. Baba akaleta mzigo wa yale majani, akayaponda kwa jiwe, akayamwaga karibu na boma la ng'ombe.

"Baba Kiprono, huyo si paka wa memsabu," mama alisema.

"Paka ni paka. Wewe unaogopa ukubwa tu."

Na alisema kweli. Jua likizama, ukungu umelala juu ya chai, chui alikuja. Kupitia ufa wa ukuta nilimwona akisugua mashavu ardhini, akageuka tumbo juu, makucha yakikamata hewa kama mtoto wa paka. Baba alikuwa kando yangu na mkuki. Angeweza kutoka hapo hapo. Lakini mnunuzi wa ngozi kule Kericho hakutaka ngozi yenye matundu, na baba alitaka kuchoma mara moja tu.

"Ngoja alewe kabisa," alininong'oneza.

Akangoja muda wa mtu kumaliza sigara. Alipofungua mlango, chui alikuwa ameketi, analamba mguu, macho makavu kabisa.

Nilichoona sitawaeleza. Nilisikia mkuki ukianguka juu ya jiwe, halafu mama akimwita baba kwa jina la ujana wake, jina ambalo sikuwa nalijua. Chui akarudi msituni bila haraka. Majirani walimbeba baba mpaka hospitali, lakini vidonda vilikuwa vimeingiwa na uchafu, na hakurudi akitembea.

Binti yangu alinieleza kama mwalimu: si ulevi, ni dakika chache tu, kisha paka anachoka na harufu, hata ukimwongezea hataki mpaka baadaye. Nilimwacha amalize. Miaka yote nilidhani chui alijifanya mlevi ili ampate baba. Hakujifanya. Dakika zile zilikuwa za kweli, na baba alikuwa nazo mkononi.

Mtamba alibaki mzima. Mama akampeleka soko la Litein, na pesa yote ikaishia kwa sanduku na gari la kumleta baba nyumbani: shilingi mia mbili na kumi na tano.