Kifuu cha Chumvi

Juzi niliona ukoko mweupe kwenye jaruba langu la mpunga hapa Tongoni, nikamkumbuka bibi.

Alasiri moja ya utotoni mwangu, maji ya bahari yaliyobomoa tuta la jaruba hilihili wakati wa bamvua yalikuwa yameshakauka, yakaacha miche iliyonyauka na harufu ya tope la mikoko. Bibi aliokota bonge la udongo, akalilamba, akatema. Mimi nilikwangua ule weupe, nikajaza kifuu, nikamkimbilia.

"Bibi, chumvi hatununui tena!"

Alikipokea kwa mikono miwili. "Ahsante, mjukuu wangu," akasema, kisha akaketi juu ya tuta, kimya. Nilidhani furaha imemziba mdomo.

Juzi nami niliulamba udongo. Nikaketi palepale alipoketi.